Mamangu aliuliza: aache sindano anywe mtindi?

Mamangu ametimiza miaka sabini na kitu, Mungu amuweke, na kwa mwaka mmoja na nusu sasa amekuwa akisumbuliwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika haya. Akanijibu, "Andika mwanangu, wako wanawake wengi wanaona haya kusema. Lakini jina langu usilitie."

Kila yakimrudia, mambo yalikwenda vile vile. Mjukuu anatumwa kwa kemisti pale barabarani, anarudi na vidonge vya antibiotiki ndani ya kijibahasha. Mama anameza siku tatu, moto unapoa, na vilivyobaki vinatiwa kwenye droo ya kabati vingoje siku nyingine. Nilipoifungua droo ile nilikuta aina nne. Sheria inataka dawa hizi ziuzwe kwa cheti cha daktari, lakini sote twajua mambo yalivyo huku mitaani: ukiwa na pesa na jina la dawa, hakuna anayekuuliza cheti.

Mwezi uliopita homa ikapanda usiku, mama akaanza kuweweseka, tukamkimbiza hospitali. Safari hii daktari hakuandika dawa kwa kukisia. Mkojo ulipelekwa maabara ukaoteshwa, na baada ya siku tatu likaja jibu. Bakteria aliyeota anaitwa E. coli. Chini yake palikuwa na orodha ya dawa, na mbele ya sita kati yake paliandikwa herufi R, maana yake bakteria huyo ni sugu kwa dawa hiyo. Zile nne za drooni zote zilikuwemo. Iliyobaki ni dawa ya sindano, mara moja kwa siku, kwa siku kumi.

Siku ya nne ya sindano akaja jamaa yetu mmoja na mkebe wa unga. Shilingi 4,500. Akamwambia mama kwamba ndani yake mna mabilioni ya bakteria wazuri, wanaitwa probiotiki, na kwamba kule Ulaya watu wameacha antibiotiki wanatumia hii. Sindano, akasema, zinaua wabaya na wazuri pamoja, bora aziache. Mamangu anaogopa sindano tangu utotoni. Nilipoingia jioni akaniuliza, "Ati ni kweli? Niache sindano ninywe hii? Ama ninywe mtindi tu, si ni hivyo hivyo?"

Mimi si daktari. Diploma yangu ni ya uhasibu. Lakini swali la mama halijibiwi kwa "sijui", basi nilimwambia asiache sindano hata moja mpaka nisome, na wiki nzima nikawa nasoma na kumsumbua daktari wake kwa maswali. Nilitarajia kukuta uongo mtupu. Haikuwa hivyo, na ndiyo maana naandika.

Tuanze na tatizo lenyewe. Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka wa 1928 katika hospitali ya St Mary's, London. Alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945 alionya kwamba mtu akitumia dawa hiyo kwa kipimo kidogo, bakteria wasiokufa watajifunza kuistahimili. Kwa maneno mengine, ile droo ya mamangu ilishatabiriwa kabla mama mwenyewe hajazaliwa. Watafiti waliohesabu vifo vya mwaka wa 2019 duniani kote walikadiria kwamba watu milioni 1.27 waliuawa moja kwa moja na bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Dawa mpya zinatoka polepole, usugu unakwenda mbio. Ndipo wanasayansi wakarudi kwenye wazo ambalo lilikuwepo hata kabla ya penisilini: badala ya kumuua bakteria mbaya, kwa nini usimnyime mahali pa kukaa?

Watu wa Pwani hatuhitaji kufafanuliwa sana hili. Twajua kiwanja kisichokaliwa kinavyokuwa. Mwenyewe yuko mbali, hakuna ukuta wala mlinzi, na siku akirudi akute watu wameshajenga na kupanda migomba. Utumbo wa kiumbe ni ardhi ya namna hiyo. Ukijaa wenyeji, mgeni mbaya akija hapati pa kuweka mguu. Ukiwa mtupu, anayewahi ndiye mwenye kiwanja.

Ushahidi uliofungua macho ya wengi ulitoka kwa kuku. Mwaka wa 1971 nchini Finland bakteria wa Salmonella walienea katika mabanda ya kuku wa nyama. Watafiti wawili, Nurmi na Rantala, wakajiuliza mbona vifaranga wa siku moja wanaambukizwa upesi hivyo, na kuku mkubwa hana habari. Jibu ni kwamba kifaranga wa kienyeji anaangua chini ya mamake, anadonoadonoa pale pale mama anapochafua, na kwa siku chache utumbo wake unajaa bakteria wa kuku mzima. Kifaranga wa mashine hamjui mama. Anatoka ndani ya boksi safi na utumbo mtupu. Basi wakachukua yaliyomo ndani ya utumbo wa kuku wakubwa wenye afya, wakawapa vifaranga, kisha wakawawekea Salmonella. Wengi hawakuambukizwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1973, na baadaye zikatengenezwa bidhaa za kuwapa vifaranga mara tu wanapoangua.

Nina jirani anayefuga broila nyuma ya nyumba. Kila kundi jipya likifika, kabla halijaugua, anakoroga unga wa antibiotiki kwenye maji ya kunywa, "wasife". Agroveti wanamuuzia bila maswali. Nilipomsimulia habari ya Finland alicheka, akaniuliza nani atakula kuku aliyelishwa mavi. Nikamkumbusha kwamba kuku wa kienyeji anaowasifia kwa utamu wanafanya hivyo kila siku bila kuambiwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku tangu 2006 kuwapa mifugo antibiotiki ili wakue haraka, na kuku bado wanauzwa huko.

Bakteria wazuri hawakai tu wakajaza nafasi. Wanakula chakula ambacho mbaya angekula. Wale wa maziwa hutengeneza asidi, ile ile inayofanya mtindi uwe mchachu, na wabaya wengi hawaipendi. Wengine hutoa sumu ndogo zinazowaua majirani zao wa karibu. Na iko njia moja ambayo mimi ilinishangaza. Bakteria huzungumza. Wanatoa kemikali kuambizana "tumekuwa wengi, sasa tuanze". Mwaka wa 2018 watafiti wa Marekani na Thailand walitangaza kwamba waliwapima watu 200 wa vijijini Thailand, wakakuta kila aliyekuwa na bakteria wa jamii ya Bacillus tumboni hakuwa na Staphylococcus aureus hata mmoja. Huyu Staphylococcus ndiye wa majipu na vidonda vinavyooza, na akiingia kwenye damu anaua. Kumbe Bacillus anatoa kitu kinachokata yale mazungumzo. Wenzake hawasikilizani, wanashindwa kushikilia mahali.

Hawakuishia hapo. Katika mkoa wa Songkhla, kusini mwa Thailand mpakani na Malaysia, watu wazima 115 waliokuwa na Staphylococcus miilimwao waligawanywa, nusu wakapewa Bacillus subtilis kila siku kwa wiki nne na nusu wakapewa kidonge kisicho na kitu. Matokeo yalitoka 2023. Kwa waliopewa Bacillus, Staphylococcus alipungua kwa asilimia 96.8 kinyesini na asilimia 65.4 puani. Wenyeji wengine wa tumbo hawakuguswa sana, jambo ambalo antibiotiki haiwezi kulifanya. Lakini angalia vizuri: watu hawa hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamembeba tu. Jaribio lilipima kama bakteria anahama, halikupima kama mtu mwenye jipu anapona.

Nilipofika hapo nikaanza kuona jibu la mama lilipo. Mlinzi anayezuia mwizi asiingie si yule anayeitwa mwizi akiwa chumbani na panga.

Sasa nirudi kwa yule E. coli. Nilipomtajia mama jina la mdudu wake, kisha nikamwambia kwamba moja kati ya probiotiki za zamani kabisa duniani nayo ni E. coli, alinitazama kama nimechanganyikiwa. Lakini ni kweli. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, daktari Mjerumani aitwaye Alfred Nissle alimpata askari mmoja ambaye wenzake waliugua tumbo yeye akabaki mzima. Mwaka wa 1917 akatoa kwenye kinyesi cha askari huyo E. coli ambaye mpaka leo anauzwa Ujerumani kama dawa, na anaitwa E. coli Nissle 1917.

Vipi jina moja liwe la mwema na la mwovu? Njoo Mji wa Kale uulize nyumba ya Ali. Utaulizwa, Ali yupi? Ukisema Ali bin Salim watapungua. Ukitaja na ukoo, mtoto atakushika mkono akufikishe mlangoni. Bakteria nao wana nasaba. Lactobacillus ni kama kusema Ali. Lactobacillus rhamnosus ni Ali bin Salim. Lactobacillus rhamnosus GR-1 ndiyo nyumba yenyewe. Utafiti unafanywa kwa bakteria mwenye nasaba kamili, na sifa za mmoja huwezi kumpa binamu yake. Mkebe ukiandikwa "Lactobacillus" pekee umekuambia Ali, na Ali wako wengi.

Huyo GR-1 nimemtaja makusudi, kwa sababu anahusika na ugonjwa wa mamangu hasa. Nchini Uholanzi walikusanywa wanawake 252 waliokwisha koma hedhi na ambao maambukizi ya mkojo yalikuwa yakiwarudia, kiasi cha mara saba kwa mwaka. Kundi moja lilipewa kila siku kwa miezi kumi na miwili ile antibiotiki ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la Septrin, kwa kipimo kidogo cha kinga. Kundi la pili lilipewa vidonge vya GR-1 pamoja na mwenzake aitwaye Lactobacillus reuteri RC-14. Mwaka ulipokwisha, waliotumia antibiotiki waliugua kwa wastani mara 2.9. Waliotumia bakteria wazuri, mara 3.3.

Ukitazama hapo tu utasema antibiotiki imeshinda, na kweli ilishinda: hata muda wa kukaa kabla ugonjwa haujarudi ulikuwa miezi sita kwa kundi la kwanza na mitatu kwa la pili. Lakini walipima na usugu. Kabla ya kuanza, kati ya asilimia 20 na 40 ya E. coli wa wanawake hao walikuwa sugu kwa Septrin na dawa nyingine mbili kama hizo. Baada ya mwezi mmoja tu wa kumeza antibiotiki, usugu ulifika kati ya asilimia 80 na 95. Kwa waliotumia Lactobacillus haukupanda. Utafiti huo ulitoka mwaka wa 2012. Nilipousoma niliikumbuka ile karatasi ya maabara na herufi R sita, nikakaa kimya kitambo.

Hivyo basi mama yule wa Uholanzi alipewa uchaguzi wa kweli. Augue kidogo zaidi leo na dawa zake zibaki na makali, ama augue kidogo kidogo na siku ya shida kubwa akute dawa zimekuwa butu. Uchaguzi huo lakini ni wa mtu aliyepona, anayezuia yasirudi. Wakati wa homa na kuweweseka hakuna aliyewaambia wanawake wale waache kutibiwa.

Na si lazima bakteria hawa watoke dukani Ulaya. Kule Mwanza, Tanzania, tangu mwaka wa 2004 kina mama walifundishwa na watu wa chuo kikuu kimoja cha Kanada kutengeneza mtindi wenye GR-1 huyo huyo, wakauita Fiti, wakawa wanauuza mtaani kwao. Uganda nako wako watengenezaji wadogo wanaotia bakteria wa probiotiki kwenye maziwa ya kawaida kwa kutumia vifuko vya mbegu vya bei nafuu. Sijaona sababu kwa nini kikundi cha kina mama wa Kisauni au Malindi kisifanye vivyo hivyo. Maziwa tunayo, na wateja wako.

Lakini sio kila mahali mambo haya yalifaulu, na jamaa yetu wa mkebe hakutaja upande huu. Mwaka wa 2018 Marekani na Kanada walitangaza majaribio mawili makubwa ya watoto wadogo wanaoharisha na kutapika, moja watoto 971, jingine 886. Waliopewa probiotiki hawakupata nafuu kuliko wenzao waliopewa unga mtupu. Bado ORS na zinki ndio msingi, mama mwenye mtoto anisikie. Kule Uholanzi tena, wagonjwa mahututi wa kongosho walipewa probiotiki kwa nia ya kuwakinga na maambukizi. Waliopewa walikufa asilimia 16, wasiopewa asilimia 6. Na mwaka wa 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi ya kuwapa watoto njiti, baada ya mtoto kufa kwa bakteria yule yule aliyepewa kama mwema. Mtu ambaye mwili wake umedhoofika sana, hata mgeni mpole anaweza kumvunjia nyumba.

Kwa watoto waliozaliwa timilifu hali ilikuwa nyingine. Vijijini katika jimbo la Odisha, India, watoto wachanga zaidi ya 4,500 waligawanywa makundi mawili, moja likapewa kwa siku saba Lactobacillus plantarum wa ukoo maalumu pamoja na sukari ya kumlisha. Waliopata sumu ya damu au kufa walikuwa asilimia 5.4, na kwa wasiopewa asilimia 9. Kwangu mimi, kati ya yote niliyosoma, hili ndilo kubwa kuliko mengine, kwa kuwa ni maisha ya watoto na gharama yake ni ndogo mno. Hapa tena ni kinga. Watoto walipewa wakiwa wazima.

Iko sehemu moja tu niliyokuta bakteria wazuri wakitumwa kutibu mgonjwa na wakaishinda antibiotiki waziwazi. Ni ugonjwa wa kuharisha unaoletwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye aghalabu hutokea baada ya antibiotiki kufyeka wenyeji wa tumbo. Mwaka wa 2013 Waholanzi walichukua kinyesi cha watu wazima wenye afya, wakakichuja, wakakipitisha kwa mpira hadi kwenye utumbo wa wagonjwa. Walipona 13 kati ya 16 kwa mara ya kwanza. Kwa antibiotiki pekee, 4 kati ya 13. Jaribio likasimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa wazi mno. Najua wasomaji wangu wengi wameshakunja uso na wanawaza najisi. Masheikh wana la kusema kuhusu dharura na tiba, si mimi. Ninachosema ni kwamba hiyo ni kazi ya hospitali, na kinyesi hupimwa maradhi kwanza.

Tukiwa kwenye halali na haramu, vidonge vingi vya probiotiki vina ganda la jeletini, na jeletini nyingine hutoka kwa nguruwe. Soma mkebe, tafuta alama ya halali, au chukua ya unga.

Na mtindi je? Mama alitaka jibu la mtindi pia. Mtindi mzuri una bakteria hai wa maziwa na ni chakula chema, aendelee kunywa. Lakini si dawa ya mkojo, na GR-1 hayumo kwenye maziwa lala ya dukani mpaka atiwe makusudi. Mtindi uliopashwa moto baada ya kuganda ili ukae rafuni miezi, bakteria wake wamekufa. Ndivyo ilivyo hata kwa mkate wa kumimina na vitumbua vyetu: unga unaumuka vizuri, kisha wote wanaishia jikoni. Ukigandisha nyumbani, chemsha maziwa kwanza, yapoe, ndipo utie kijiko cha mtindi wa jana. Maziwa mabichi ya mlangoni yanaweza kukuletea brusela, na huyo mtindi haumshindi.

Mamangu alimaliza sindano zake kumi, Alhamdulillahi. Daktari amepanga mkojo uoteshwe tena kabla ya kuzungumza kinga ya baadaye, na nilipomtajia utafiti wa Uholanzi hakucheka, alisema tutalizungumza tukikuta mkojo safi. Droo nimeimwaga yote ndani ya mfuko, nikapeleka kwenye famasia ya hospitali, wakaupokea.

Mkebe bado uko juu ya kabati, haujafunguliwa. Ubavuni umeandikwa "Lactobacillus", basi, hakuna jina la pili wala ukoo. Nilimwandikia jamaa yetu kwenye WhatsApp nikamuuliza ni Lactobacillus yupi na amejaribiwa kwa ugonjwa gani. Tiki mbili za buluu zilionekana siku hiyo hiyo. Leo ni wiki ya pili.